Sona mubashara kwa wavuvi wa maji baridi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mombasa

Mombasa tumezungukwa na bahari, lakini wanaovua kwa mshipi hapa mjini hawaishii Tudor na Kilindini. Wapo wanaopanda Voi hadi Taveta mwisho wa wiki kutafuta perege na kambare wa Ziwa Jipe, wapo wanaokwenda Naivasha kwa ajili ya besi, na wapo wenye jamaa Kisumu au Homa Bay ambao kila likizo huwa Ziwa Victoria. Tangu video za sona mubashara, kifaa kinachoonyesha samaki wakisogea papo hapo chini ya maji, zianze kuzunguka kwenye simu, maswali yanayoulizwa ni yaleyale, na majibu ninayotoa nimeyaandika hapa.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kifaa hiki ni kizuri kwelikweli. Ila faida yake yote iko katika kujifunza kusoma picha, na anayemaliza fedha kwenye skrini kubwa bila kubakiza za betri na za siku za mazoezi anajinyima mwenyewe.

Sona mubashara ni nini, na ina tofauti gani na sona ya kawaida?

Zamani nahodha alitia bildi: kamba yenye risasi, inashushwa mpaka iguse chini, kisha anahesabu pima. Sona hufanya kazi hiyo kwa sauti. Kipande kinachozama majini, yaani transdusa, hutoa mlio ambao sikio la mtu haliusikii. Mlio ukigonga kitu, mwangwi hurudi, na kifaa hupima muda uliopita. Katika maji baridi ya joto la nyuzi 20 hivi, sauti husafiri takriban mita 1,480 kwa sekunde, kwa hiyo mwangwi wa samaki aliye mita 20 mbele yako hurudi kabla ya sekunde 0.03 kuisha.

Sona ya kawaida hupeleka mlio chini na kuchora mstari mmoja mwembamba kwa kila mlio. Mstari mpya hutokea kulia, ya zamani ikisukumwa kushoto. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya unachokiona ni habari ya pale ulipopita. Samaki aliyechorwa katikati ya skrini huenda alishaondoka.

Sona mubashara ina vipokezi vingi vidogo vilivyopangwa pamoja, na huchora eneo zima upya mara nyingi kwa sekunde. Samaki akigeuka, unamwona akigeuka. Chambo kikishuka, unakiona kikishuka, na ukibahatika unaona samaki akikifuata, akisita, kisha akikimeza. Ni hapo tu palipo na tofauti, lakini ni tofauti kubwa sana.

Inaona kila upande?

Hapana, na hili ndilo linalowakwamisha wengi siku ya kwanza. Transdusa ya Garmin LiveScope, kwa mfano, huona pembe ya nyuzi 135 ukihesabu kutoka mbele kwenda nyuma, lakini ubavuni ina nyuzi 20 tu. Piga hesabu: samaki akiwa mita 15 mbele, kipande cha maji unachokiona kina upana wa kama mita 5. Akiwa mita 5 mbele, upana huo haufiki hata mita 2. Samaki akisogea kidogo kando anapotea kwenye skrini ilhali bado yupo palepale majini.

Ndiyo maana transdusa hufungwa kwenye mti unaozungushwa kwa mkono au kwenye mota ya umeme. Unaizungusha polepole mpaka upate kitu, unasimama hapo, kisha unarusha mshipi kwa kufuata uelekeo wa mti. Mkono na macho vikishazoeana, kazi inakuwa nyepesi.

Kwa nini mnasisitiza maji baridi? Si bahari iko hapa mlangoni?

Kwa sababu chumvi hula sauti. Sona mubashara hutumia masafa ya juu sana, LiveScope ikiwa kati ya kHz 530 na 1,100, ilhali sona za kawaida za baharini hutumia kHz 50 au 200. Masafa ya juu ndiyo yanayoleta picha yenye undani, lakini hufifia upesi, na katika maji ya chumvi hufifia zaidi. Transdusa ambayo watengenezaji wanasema hufika mita 61 kwenye maji baridi haitakupa umbali huo nje ya mwamba wa Nyali. Ongeza mawimbi yanayoyumbisha chombo na mkondo unaokusogeza wakati wa bamvua, utaona kwa nini ziwa ndilo darasa zuri.

Ndani ya hori la Tudor maji yakiwa yametulia unaweza kufanya mazoezi bila shida. Nawashauri wengi waanzie hapo kabla ya kutumia mafuta ya kwenda Taveta.

Nahitaji kununua vitu gani?

Transdusa, sanduku la kuchakata mawimbi, skrini, betri, na mti wa kufungia. Humminbird MEGA Live haina sanduku la pembeni, huunganishwa moja kwa moja na skrini. LiveScope inalo. Uliza kabla hujalipa, maana wapo wanaouziwa transdusa peke yake wakidhani wamemaliza.

Jambo la kukumbuka kuliko yote: chapa hazichanganyiki. Transdusa ya Garmin haizungumzi na skrini ya Lowrance wala ya Humminbird. Na hata ndani ya chapa moja si kila skrini inakubali sona mubashara. Andika jina kamili la modeli ya skrini na ulihakikishe kwenye orodha ya mtengenezaji.

Itanigharimu kiasi gani?

Transdusa ya sona mubashara pamoja na sanduku lake huuzwa ng'ambo kwa kati ya dola 1,500 na 2,000. Skrini inayofaa huanzia mamia ya dola na kupanda hadi maelfu kadiri inavyokuwa kubwa. Juu ya hapo weka usafirishaji, ushuru wa forodha, na VAT ya asilimia 16. Kwa mtu wa kawaida hizi ni fedha za kununua mashine ya boti, na nasema hivyo ili ukae chini ufikirie.

Kama unavua mara chache kwa mwaka, sona ya kawaida ya bei nafuu itakutosha. Itakuonyesha kina, mteremko, na kama chini ni mchanga au mwamba, na maarifa hayo ndiyo yanayokupeleka karibu na samaki. Sona mubashara ni ya hatua ya mwisho, pale unapojua samaki wako eneo hili na unataka kujua wako wapi hasa na wanafanya nini.

Chapa ipi ni bora?

Garmin walitangulia na LiveScope mwaka 2018, Lowrance wakaja na ActiveTarget, Humminbird na MEGA Live. Zote tatu zinafanya kazi. Kwa mtu wa Pwani swali zuri zaidi ni hili: kikiharibika, nani atanisaidia? Chagua chapa ambayo mtu unayemfahamu anaitumia, ili mketi pamoja na akuonyeshe mipangilio yake. Msaada huo una thamani kuliko ubora kidogo wa picha.

Nimepata cha mkono wa pili. Nikague nini?

Kebo kwanza. Ipitishe yote mkononi, toka mwanzo mpaka mwisho, ukitafuta palipokunjika au palipowahi kufungwa tepu. Kebo ya transdusa haikatwi na kuungwa kama waya wa taa. Ikishakatwa, huna uhakika tena na picha. Halafu tazama pini za viunganishi kama zina kutu ya kijani. Mwisho, mwambie muuzaji aiwashe ikiwa ndani ya maji, walau kwenye pipa kubwa, na usikubali kuonyeshwa menyu tu.

Betri gani? Ya pikipiki inatosha?

Ya pikipiki itakuaibisha kabla ya saa nne asubuhi. Skrini ya inchi 9 pamoja na sona mubashara hula kama wati 40 hadi 60, yaani ampea 3 na nusu hadi 5 kwa volti 12. Betri ya ampea-saa 30 ya lithiamu, ile aina ya fosfati ya chuma, itakupeleka saa 6 mpaka 8 hivi. Betri ya asidi yenye ukubwa huohuo haifai kutumiwa mpaka iishe, na volti zake zikishuka skrini hujizima hata kama bado kuna moto ndani.

Habari njema ni kwamba betri za lithiamu tunazo hapahapa, kwenye maduka ya sola. Nunua Mombasa. Usimwagize mjomba akuletee kwa ndege kutoka Dubai: abiria haruhusiwi kubeba betri ya zaidi ya wati-saa 160, na hii ya volti 12.8 kwa ampea-saa 30 ni wati-saa 384. Itabaki uwanjani.

Weka fyuzi karibu na betri. Na kama una mota ya umeme, ipe betri yake. Sona na mota zikinywa kisima kimoja, skrini hujaa chenga.

Natumia mtumbwi wa kukodi. Nitaifunga wapi?

Kwenye ubavu wa mbele, kwa bomba la alumini au la chuma kisichoshika kutu, na kibano kikubwa cha kukaza kwa mkono. Fundi wa kuchomelea yeyote mzuri atakutengenezea ukimchorea. Mwambie mambo matatu: bomba lizunguke bila kulegea, liwe na mpini juu unaoelekea upande uleule transdusa inakoelekea, na liweze kupandishwa haraka mkifika kwenye magugu au mwamba.

Transdusa ishuke chini ya tumbo la chombo, kiasi cha shubiri moja au zaidi. Ikiwa juu mno, mbao za mtumbwi zitaziba mlio na utaona giza upande mmoja. Skrini iweke pale utakapoiona bila kuinama, na uikinge jua kwa kipande cha turubai. Kisha zungumza na mwenye mtumbwi mapema, tena kwa heshima. Kukaza kibano kwenye mbao za watu bila ruhusa ni ugomvi.

Siku ya kwanza nifanye nini?

Usivue. Najua ni vigumu, lakini siku ya kwanza iache kwa kusoma.

Tafuta maji yaliyotulia yenye kina cha mita 4 au 5. Tia nanga. Chukua chubwi, lile la risasi la ukubwa wa kidole gumba, lifunge kwenye mshipi na ulishushe mbele ya transdusa. Mwenzako alishike, wewe kaa kwenye skrini. Utaona nukta nyeupe ikishuka kutoka juu. Mwambie alitingishe: nukta inaruka. Mwambie alitulize: nukta inatulia. Mwambie alivute kulia kwa urefu wa kasia: nukta inafifia, kisha inatoweka. Hapo ndipo utakapoelewa zile nyuzi 20 kwa macho yako, na hutasahau.

Sasa shusha geini, yaani ukali wa kifaa katika kupokea mwangwi, mpaka nukta ionekane kwa shida, halafu ipandishe taratibu. Mahali pazuri ni pale chubwi linapong'aa na maji yanayolizunguka yakabaki meusi, yakiwa na vumbi kidogo tu. Wengi huiacha juu mno kwa sababu skrini iliyojaa vitu inawapa matumaini. Ni matumaini ya bure, maana unachoangalia ni kelele.

Ukimaliza, ondoa chubwi na uweke chambo bandia unachokitumia kweli. Kitaonekana kidogo zaidi, na kama ni cha plastiki laini huenda kikawa hafifu sana. Jizoeze kukirusha na kukipata tena kwenye skrini kikiwa mita 10, kisha 15. Mtu asiyeweza kuona chambo chake mwenyewe hana haja ya kuona samaki bado.

Nitajuaje kama kile ni samaki na si gogo au jani?

Kwa mwendo. Gogo halihami; mtumbwi ukiyumba linayumba pamoja na sakafu ya ziwa. Magugu yanasimama kutoka chini kama manyoya na huinama yote upande mmoja. Mapovu ya gesi hupanda wima, moja baada ya jingine, kwa kasi ileile. Samaki anabadili mawazo: anakwenda, anasimama, anageuka. Subiri sekunde kumi kabla hujaamua.

Kitu kingine ni hewa. Mwangwi mkali wa samaki unatoka zaidi kwenye kibofu chake cha hewa kuliko kwenye nyama, kwa sababu nyama inafanana mno na maji. Hii inaleta jambo la ajabu kwa kambare. Kibofu chake ni kidogo mno kwa mwili wake, kwa hiyo kambare wa kilo kadhaa anaweza kuonekana hafifu kuliko perege wa saizi ya sahani. Mtambue kwa tabia: anakaa karibu na chini, mrefu, anapinda mwili anapoogelea, na mara kwa mara hupanda moja kwa moja juu kuvuta hewa kisha akashuka. Ukiona mstari mrefu umepanda mpaka juu na kurudi, huyo ndiye.

Kwa hiyo itaniambia ni samaki wa aina gani?

Haitakuambia. Utakisia kwa kina, mwendo, na kama wako kundi au peke yake, na utasahihishwa na ndoana.

Nawaona wengi lakini hawali. Shida ni nini?

Huenda si shida. Samaki wengi, saa nyingi za siku, hawali, na hapo awali hukujua hilo kwa sababu hukuwaona. Sona imekuonyesha tu hali halisi.

Kuna mambo mawili ya kujaribu. La kwanza, chambo kipite juu ya samaki, kamwe kisipite chini yake. Perege na besi hutazama juu kwa urahisi kuliko chini. La pili, angalia anavyokijibu. Akigeuka kukitazama na kuondoka, punguza ukubwa wa chambo au mwendo. Akikimbia kabla hakijafika, kimemtisha, kwa hiyo rusha mbali zaidi na ukilete taratibu. Asipojigusa kabisa, muache. Mvuvi anayeng'ang'ania samaki mmoja nusu saa nzima anawapita wengine walio tayari kula nyuma ya magugu. Naona hili likitokea mara nyingi, na nadhani ndiyo hasara kubwa ya kifaa hiki kwa mgeni: kinamfanya asahau kuangalia ndege, upepo, na rangi ya maji.

Jipe, Chala, Naivasha au Victoria: wapi kinafaa zaidi?

Yanatofautiana sana, kwa hiyo nitajibu moja moja.

Jipe ni safari ya takriban kilomita 270 mpaka Taveta, kisha mbele kidogo. Ziwa lenyewe ni la kina kifupi, kwa wastani chini ya mita 3, na kingo zake zimejaa mafunjo na mete. Ukiielekeza transdusa kwa njia ya kawaida, nusu ya skrini itakuwa tope. Hapa tumia ule mkao wa kuilaza ubavu, ambapo nyuzi 135 zinatandazwa kushoto na kulia na unaona kama unatazama ziwa kutoka juu. Kwa LiveScope utahitaji kishikio chake maalumu. Ukipata mkao huo, ukingo wa mete unaonekana kama ukuta wenye mapengo, na samaki hupenda kukaa kwenye mapengo hayo. Ila Jipe ina viboko na mamba. Mtu mmoja kwenye chombo asitazame skrini kabisa, kazi yake iwe kutazama maji. Na ukikanyaga maji ya ukingoni kumbuka kuna kichocho, vaa mabuti.

Chala ni kinyume chake. Ni ziwa la kreta chini ya Kilimanjaro, maji yake hutoka ardhini, na kina chake kinapita mita 90. Kingo zinaporomoka ghafla. Kwa sona ni mahali pa kupendeza mno: maji meusi yaliyo safi kwenye skrini, ukuta wa mwamba ukishuka upande mmoja. Usihangaike na vilindi. Maji ya chini hayana oksijeni, samaki wako tabaka la juu. Kutokuwa na oksijeni huko ndiko kulikohifadhi matope yake kwa mistari safi, na mwaka 2016 wanasayansi walitoboa zaidi ya mita 200 za matope hayo ili kusoma historia ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki. Mamba wako Chala pia. Mwaka 2002 mgeni kijana kutoka Uingereza aliuawa humo akiogelea. Usiogelee, hata maji yakikuita vipi.

Naivasha ndiko sona mubashara inakofanya kazi ile unayoiona kwenye video za Wamarekani, kwa sababu besi wenyewe walitoka Marekani wakaletwa miaka ya 1920. Kina ni kifupi sehemu nyingi, isipokuwa upande wa kreta ya Crescent Island. Gugumaji likisukumwa na upepo huleta kivuli, na chini ya kivuli hicho ndiko kwa kutazama.

Victoria ni bahari isiyo na chumvi. Kwa sangara wa maji ya kina sona ya kawaida na ramani ya miinuko vitakusaidia kwanza, kisha mubashara ukishafika mwambani. Upepo wa mchana humo si wa mchezo. Ondokeni alfajiri.

Sauti yake inawadhuru samaki?

Samaki wengi husikia sauti za chini, za kHz chache tu. Mlio wa kHz 530 na kuendelea uko mbali kabisa na masikio yao. Hata pomboo wa baharini, ambao husikia masafa ya juu kuliko sisi, hawafiki huko. Kinachowatisha samaki ni kasia linalogonga ubavu wa mtumbwi na transdusa inayozungushwa kwa pupa juu ya vichwa vyao kwenye maji mafupi.

Nahitaji kibali?

Cha sona, swali hilo halijawahi kunipa shida. Cha uvuvi, ndiyo. Uvuvi wa Kenya unasimamiwa na sheria ya mwaka 2016 na unahitaji leseni. Pita ofisi ya uvuvi ya kaunti unakokwenda, na ukifika ufukweni ujitambulishe kwa viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe. Sehemu ya Jipe iko ndani ya Tsavo West, na huko utakuwa chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na masharti yake. Jipe na Chala zote zimekatwa na mpaka wa Tanzania. Skrini yako ina GPS, itumie kujua uko upande gani.

Si kuwaonea samaki huku?

Swali hili naliheshimu. Hata Marekani, kifaa kilikozaliwa, wanalijadili: mashindano ya Bass Pro Tour ya Major League Fishing yaliamua kuanzia 2025 washindani waitumie kipindi kimoja tu kati ya vitatu vya siku.

Kwetu uzito wake ni mkubwa zaidi. Perege wa asili wa Chala, Oreochromis hunteri, hapatikani kiasili ziwa jingine lolote duniani, na yuko hatarini kabisa kutoweka. Perege wa Jipe naye yuko hatarini. Majike ya perege hawa hubeba mayai na vifaranga mdomoni. Ukimvua jike wakati huo umeondoa kizazi kizima. Madume huchimba viota vya duara kwenye mchanga wa maji mafupi, na sona iliyolazwa ubavu itakuonyesha vishimo hivyo vikiwa vimepangana. Ukiviona, geuza chombo. Kwa Chala mimi ningependa watu waende kuangalia na kujifunza tu, mishipi ibaki garini.

Jambo jingine ni kina. Perege, sangara na besi wana kibofu cha hewa kilichofungwa. Ukimvuta haraka kutoka mita 10 na zaidi, hewa hutanuka, tumbo hufura, na macho hutoka. Ukimrudisha majini anaelea na kufa. Kwa hiyo kama nia yako ni kuvua na kuachia, usiwaguse walio chini ya kina hicho hata kama unawaona wazi. Na kama unavua kwa chakula, chukua wanaotosha sufuria ya nyumbani, kisha uzime.

Sina chombo, navua nikiwa ukingoni. Kuna njia?

Ipo sona ndogo ya kurushwa, kama Deeper, inayofungwa kwenye mshipi na kutuma picha kwenye simu. Si mubashara kwa maana ya ukurasa huu, inaona chini yake tu. Lakini kwa bwawa la shamba au ukingo wa ziwa itakuchorea kina chote, na bei yake ni sehemu ndogo sana ya ile nyingine. Funga kwa mshipi imara. Ukikatika, sona imekwenda.

Skrini yangu imejaa chenga ghafla.

Angalia kama kuna chombo kingine karibu chenye sona kama yako; mkiwa mnaelekeana, kila mmoja husikia mlio wa mwenzake. Kama uko peke yako, zima mota ya umeme. Chenga zikiisha, tenganisha nyaya na betri. Zikiendelea, shusha geini, kisha ukague kama kuna jani au mshipi umejizungusha kwenye transdusa.

Nikirudi Mombasa niitunzeje?

Hewa yetu ina chumvi hata kama kifaa hakijagusa bahari. Ukikiacha wazi barazani wiki chache, pini zitaanza kubadilika rangi. Kifute kwa kitambaa chenye maji baridi, kikaushe kivulini, paka grisi ya umeme kidogo kwenye viunganishi, na uvifunike vifuniko vyake. Kebo izungushe kwa duara pana, usiikunje kwenye kiwiko. Betri ya lithiamu ihifadhi ikiwa na chaji ya nusu hivi, mbali na jua na mbali na jiko. Na kama ulifanyia mazoezi Tudor, suuza transdusa na bomba siku hiyohiyo, kabla chumvi haijakauka.